Nilitoka Dakika ya Hamsini

Kambarage, jioni, mabegi yakiwa tayari sebuleni

Kabula,

Mambo ya blanketi, ya kuandika namba za simu kwenye karatasi endapo simu itapotea, ya kutokula kila kinachouzwa dirishani mwa basi, mama yako amekwisha kuyasema, na hivi ninavyoandika anaendelea kuyasema huko jikoni. Namsikia. Amefikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha: ipi ya kupika, ipi ya kutafuna kavu. Mimi huko sitagusa. Nimefunga mlango wa chumba cha vitabu, nimechukua karatasi za mtihani wa kidato cha pili, nimezigeuza upande usioandikwa, na ninakuandikia jambo moja tu. Ila unanijua. Jambo moja kwangu hupita njia tatu kabla halijafika.

Juzi mama yako alinisimamia mlangoni akaniambia, "Baba Kabula, mtoto amefunga begi lakini hapandi basi kama hujatamka neno. Amesema hataondoka kwao kama mtu aliyefukuzwa."

"Mimi sijamfukuza mtu."

"Hujamfukuza, hujamruhusu. Umekaa katikati kama mbuzi barabarani."

Basi ndivyo tulivyo. Tiketi ipo, begi lipo, kazi Dar es Salaam ipo, na mimi ndiye mbuzi. Neno ninalo na nitalitoa humu. Lakini usiruke kurasa kulitafuta. Mimi niliruka, na barua hii yote imetokana na nilichokiruka.

Nianze na *Mdomo wa Duara*. Najua unaijua. Nilikuonyesha ukiwa bado huna meno ya mbele. Lakini mtu anayekiri kosa sharti kwanza akitaje vizuri kitu alichokikosea, kwa hiyo vumilia nikusimulie tena.

Ni filamu ya dakika ishirini na mbili, nyeusi na nyeupe, haina neno hata moja. Mwanamke ameketi chini anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Hatua ishirini mbele yake kuna duara, yaani shimo la kuchimbia, na wanaume watatu wanaozungusha gogo la kamba kushusha na kupandisha. Mumewe yuko chini. Yeye haruhusiwi kusogea pale, maana wachimbaji walishikilia, na wengine wanashikilia hadi leo, kwamba mwanamke akikaribia mdomo wa duara dhahabu hukimbia. Basi anaponda, anaitazama kamba kwa mbali. Ghafla, kilima cha pili, watu wanarusha mikono juu: dhahabu imeonekana huko! Kila mtu anatoka mbio na sururu yake. Wale watatu wa kwenye gogo wanatazamana, wanaacha kamba, wanakimbia nao. Panabaki vumbi na mwanamke. Kamba inaanza kucheza. Anaitazama. Anatazama kilima. Anaweka nyundo chini, anavuka zile hatua ishirini, anaishika. Kamba inavutwa kutoka chini: moja, mbili, tatu, nne. Giza. Imekwisha.

Hakuna anayejua kama alimpandisha. Nimewahi kuandika gazetini kwamba hakuna dakika ishirini na mbili bora kuliko hizo zilizopigwa picha katika nchi hii, na hilo silifuti.

Mimi niliiona mara ya kwanza Nyarugusu, ndani ya banda la mabati la Bwana Hamadi, nikiwa kijana ninayesubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Vijana wenzangu walishuka kwenye maduara. Mimi nilishika maiki. Siku hizo banda la video bila mtafsiri lilikuwa kama harusi bila ngoma. Nilikaa pembeni ya televisheni nikawaambia wachimbaji Mchina anamwambia nini Mchina mwenzake. Kichina sikijui. Kihindi nilijua neno moja, nalo nililitamka vibaya. Lakini sauti nilikuwa nayo, uongo ulinitoka bila kukwama, na watu walinipenda. Waliniita Mwalimu kabla sijafundisha hata mtoto mmoja.

Siku moja Hamadi akachomeka kanda ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Ikawa ndiyo hiyo. Dakika mbili za mwanzo nilikaa nikisubiri mtu aseme kitu nikitafsiri. Hamadi akanigonga bega.

"Mwalimu, vipi? Watu wamekuja kusikia sauti yako."

"Hawasemi, mzee."

"Wao hawasemi. Wewe je, umekuwa bubu?"

Nikasema. Mwanangu, nilisema! Yule mwanamke nikampa jina, nikampa mawifi wawili wenye roho ya fisi. Mume nikampa hawara Geita mjini. Kila nyundo ilipotua nikaitia methali. Wale watatu walipoacha gogo nikawapa mabishano marefu, mmoja anaogopa dhambi, mwingine anataka pikipiki. Na mwisho, kamba ilipocheza mara nne, nikapaza sauti ya mume kutoka chini: "Vuta, mke wangu, vuta! Tumetajirika!"

Banda likalipuka, na si kwa furaha.

"Mwalimu, umeua mtu!" Aliyesimama alikuwa mchimbaji mmoja, Rajabu, mtu wa Kondoa, mwembamba kama mpini.

"Nimeua nani?"

"Mara nne si dhahabu! Mara nne ni hewa imekwisha! Mtu anakata roho kule chini, wewe unamtangazia harusi!"

"Msamehe," mwingine akadakia, "huyo duara lake ni kinywa."

"Kesho ashushwe akajifunze kuhesabu!"

Kesho yake wakanishusha kweli. Rajabu alinifundisha kwanza, polepole, kama anafundisha mtoto wa chekechea. Mara moja, simama. Mara mbili, pandisha mzigo. Mara tatu, pandisha mtu. Mara nne, hewa hakuna, usiulize, vuta. Nikatia mguu kwenye kitanzi, nikateremka. Nilipofika chini nikatazama juu, anga lote limebaki ukubwa wa sahani. Nilitakiwa kuvuta mara tatu. Mkono ulivuta mara tatu, kisha woga ukaongeza ya nne. Walinipandisha kwa kasi ambayo viwiko vyangu bado vina alama zake, zile nilizokuambia ulipokuwa mdogo kwamba ni za mpira wa miguu. Si za mpira.

Rajabu alinitazama nimelala kwenye kifusi nikitweta, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa," akasema, "umejua Kichina."

Jumamosi iliyofuata watu waliitaka tena. Nikaanza vilevile, na mawifi wote wawili, maana watu walikuwa wameshawazoea. Lakini kamba ilipoanza kucheza nikaweka maiki chini. Sikutamka kitu mpaka kioo kilipoingia giza. Banda zima la wanaume waliokuwa wakitafuna miwa na kutukanana likanyamaza. Hata mama muuza chapati pale mlangoni aliacha kugeuza chapati. Tangu siku hiyo ndivyo nilivyoionyesha, kila Jumamosi, mpaka nilipoitwa chuoni.

Sasa njoo kwenye dhambi yenyewe.

Bi. Nyamizi alipotoa *Chini ya Duara*, filamu ndefu iliyotokana na ileile fupi ya watu wengine, saa mbili kasoro dakika tano, mimi nilikuwa nimeshaandika makala kichwani kabla sijakaa kwenye kiti. Jina tu lilinitosha. Ya kwanza inabaki mdomoni, hii inashuka: nikasema huyu mwongozaji hakuelewa kwamba uzuri wote ulikuwa katika kutoshuka. Ulikuwa pembeni yangu, unakumbuka. Ukaja uchumba wa Nkome, msichana anaanika dagaa na kusaidia kuvuta mitumbwi, mvulana anacheka kwa meno yote thelathini na mawili. Nikaguna. Ukaja wimbo wa harusi. Nikaguna kwa nguvu. Akaja tajiri anayevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba.

"Baba, watu wanatusikia."

"Wasikie."

Dakika ya hamsini kamera ikafungwa kwenye kamba, ikaanza kuteremka ndani ya duara. Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu ya Nyarugusu, "Shimo limechafuliwa!" nikakanyaga miguu ya mstari mzima, nikatoka.

Nilikungoja nje nikitafuna mahindi ya kuchoma. Ulipotoka macho yako yalikuwa mekundu. Nikadhani ni uchovu. Njia nzima mpaka Kambarage nilikuhutubia kuhusu sanaa, nikakutajia waandishi, nikakutajia Wagiriki, nikasimama mara mbili barabarani ili nipate nafasi ya kurusha mikono. Na sikukuuliza hata swali moja. Ulikuwa umeona dakika sitini na tano ambazo mimi sikuziona. Ulitembea nazo ubavuni kwangu mpaka nyumbani, na sikuuliza.

Makala ikatoka: "Dakika Ishirini na Mbili Zatosha." Simu zikalia. Redio ikaniita. Nikasema hewani kwamba mwongozaji huyu ameuona ukimya, ameuogopa, na ameujaza maneno mpaka pomoni. Mtangazaji akaniuliza kama mwisho wa filamu nao uko hivyo.

"Hasa mwisho wake," nikajibu.

Hasa mwisho wake! Nimesema uongo wa kutosha maishani mwangu, mwingine kwa maiki, lakini ule niliusema kwa sauti nzito ya mtu anayeapa mahakamani, na mke wangu na wewe, binti yangu, mnasikiliza redio jikoni. Ulizima redio. Nilipokuja nyumbani nikauliza, "Mlinisikia?" Ukasema, "Tulikusikia, Baba." Nikafurahi.

Sikwambii usigombane. Mtoto wangu asiyegombana nitamtilia shaka alikotoka. Nimegombana na fundi aliyetujengea madarasa yenye nyufa kabla hayajafunguliwa, nimegombana na wanaotaka watoto wa wachimbaji wasome nusu siku, na nitagombana nao tena nikipata nafuu ya mgongo. Ninachokiri ni kwamba yapo mabishano niliyoyashinda ambayo ilikuwa heri kuyashindwa. Yule Rajabu alihama Nyarugusu akaenda Nkome kwenye uvuvi. Tuliendelea kupigiana simu kila sikukuu, yeye Idi, mimi Krismasi. Siku moja tukabishana kuhusu zebaki wanayooshea dhahabu. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vitatu, yeye alikuwa ameishika kwa mikono yake maisha yake yote. Nilimshinda. Nilimshinda vibaya, kwa hoja, mpaka akaniambia, "Haya, Mwalimu, nimekufa." Hakupiga tena. Mimi nami nikasema mshindi hapigi simu.

Ikapita miaka sita. Wiki hii nikampigia. Akapokea, akasikiliza ninavyokohoa bila kujua pa kuanzia, akasema, "Mwalimu! Umeua nani tena?" Tulicheka mpaka salio likakatika. Miaka sita, Kabula, ningeweza kuwa nacheka hivyo.

Turudi mezani kwetu, majuma mawili yaliyopita. Ulituambia kwamba umemwandikia Bi. Nyamizi, amekujibu, anakutaka ukajifunze kuhariri filamu ofisini kwake. Mama yako akapiga kigelegele kidogo, akakikata katikati aliponiona. Niliweka tonge chini nikasema, "Nani kakuruhusu kusogea huko?"

Ukanitazama. Ukatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. "Baba, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nimeyatoa kinywani mwangu. Mimi ni baba yako."

"Haya," ukasema, ukakusanya sahani ukaenda kuosha.

Mimi nikaona nimekosewa adabu. Nikamwambia mama yako kwamba vitabu vimemharibu huyu mtoto. Mama yako akauliza ni nani aliyemnunulia.

Jumapili, mlipokwenda kanisani, nilikuta flashi juu ya meza yangu. Haina barua, haina kijikaratasi. Nilijua ni nini. Niliizunguka kama kuku anavyomzunguka nyoka. Nikachemsha chai, nikapanga upya rafu ya historia, nikamwagilia mchicha ambao mama yako alikuwa ameshaumwagilia. Mwishowe nikaichomeka. Nilitaka kusogeza mpaka dakika ya hamsini, pale nilipoishia, nikaona aibu hata peke yangu. Nikaanza mwanzo.

Wimbo wa harusi ni mbaya vilevile. Tajiri wa miwani bado anahitaji kufukuzwa kazi. Lakini pale Nkome, nilipokuwa naguna, kumbe ndipo yule msichana anapojifunza kuvuta kamba ya mtumbwi na wanawake wenzake, mguu huu mbele, mgongo ukilala nyuma. Filamu ilikuwa inanionyesha mikono yake inapata nguvu wapi. Mimi nilikuwa nazungumza.

Halafu kamera ikashuka, na nikashuka nayo. Kule chini Bi. Nyamizi haonyeshi kitu ila kile anachokiona mume: ile sahani ya mwanga juu. Niliijua sahani ile. Vichwa vya wanaume vinaingia humo na kutoka, vinatania, vinatema mate. Kisha havipo. Sahani ni tupu. Mume anaita, mwanga hausemi kitu, na pumzi yake inakuwa fupi. Anavuta kamba mara nne. Na ndani ya sahani ile, Kabula, kinaingia kilemba cha mwanamke, mahali ambapo hakijawahi kuonekana kilemba tangu watu waanze kuchimba. Nilishika meza. Ile filamu fupi imenionyesha mikono ya mwanamke yule kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, nami nikadhani nimeona yote. Haikuweza kunionyesha jinsi alivyoonekana kwa aliye chini. Kwa hilo ilibidi mtu ashuke.

Kisha sauti ikakatika. Nikaigonga kompyuta nikidhani imeharibika. Kumbe ndivyo ilivyo: dakika tatu mwanamke anazungusha gogo peke yake, na hakuna hata mlio, hakuna kinanda, hakuna ngoma ya kumwambia mtu alie. Nikahisi nimewahi kukaa ndani ya ukimya ule, sikukumbuka wapi.

Mume anafika juu. Analala kwenye kifusi, anatapika vumbi, anafungua macho, anamwona. Na neno lake la kwanza kwa mwanamke aliyemtoa kaburini ni hili: "Nani kakuruhusu kusogea hapa?"

Nilisimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, labda nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Nikavua miwani nikaiweka juu ya mitihani ya watoto wa watu.

Yule mwanamke hajibu. Anafuta viganja kwenye kanga, anateremka kilima. Kamera haimfuati. Inabaki na mume, ameketi pale mdomoni mwa duara, mzima wa afya, mjinga kabisa.

Ndipo nilipolielewa tabasamu lako. Nilikuwa nimekusomea, karibu neno kwa neno, mstari wa filamu niliyoitukana mbele ya nchi nzima, na wewe ukanipa nafasi ya kuugundua. Mtu mwingine angenicheka usoni mbele ya mama yako. Wewe ukaosha vyombo.

Sasa utaniuliza, kwa kuwa wewe ni wewe: je, ile ndefu ni bora kuliko ile fupi? Hapana. Na usiniletee ile tabia ya kusema zote ni nzuri kwa namna yake, huo ni uvivu. Fupi inamwamini mtazamaji, inamkabidhi kamba mkononi na kuondoka. Huo ni ujasiri mkubwa na sitauuza. Lakini ile ndefu ina ujasiri ambao mimi sikuwa nao: inakaa na watu mpaka wafungue midomo yao, na watu wakifungua midomo hujiaibisha. Kumpenda mtu kwa dakika ishirini na mbili si kazi. Mama yako amekaa nami miaka ishirini na minne, anajua kila neno baya nililonalo na saa litakapotoka, na bado ananipikia.

Na lipo lingine linanichoma zaidi. Wa kwanza kuijaza filamu ile maneno mpaka pomoni hakuwa Bi. Nyamizi. Nilikuwa mimi, na mawifi wangu wawili.

Makala nyingine nimekwisha kuipeleka. Mhariri alinipigia akiwa na sauti ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Mwalimu, unajua watakucheka?"

"Najua."

"Tusilainishe kidogo? Tuseme ulipata dharura?"

"Ukilainisha nitaandika ya tatu, itakuhusu wewe."

Na leo saa kumi, mama yako alipokwenda sokoni na wewe ulipokwenda kuwaaga wenzako, nikampigia Bi. Nyamizi. Namba niliichukua kwenye simu yako jana ukiwa bafuni. Hilo nalo ni kosa, nalikiri hapahapa nisije nikaandika barua nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema kabla sijajitaja.

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Sauti. Nimekulia Nyarugusu. Mama yangu ndiye aliyekuwa anauza chapati mlangoni kwa Mzee Hamadi."

Nikakaa juu ya mitihani ya kidato cha pili. Akanisubiri. Ni mtu anayejua kusubiri.

"Mawifi umewatupa," nikasema mwishoni.

Akacheka sana. "Niliwaandika, Mwalimu! Kwenye rasimu ya kwanza walikuwepo wote wawili. Nikawatoa mmoja mmoja, roho inaniuma. Nilichobakiza ni pale ulipokuwa unaweka maiki chini. Mama alikuwa anasema, nyamaza, Mwalimu amenyamaza."

Nikakohoa. Nikamwambia, "Mimi nilitoka dakika ya hamsini."

"Najua. Nilikuwa mstari wako. Ulinikanyaga."

"Pole sana."

"Kidole kilivimba wiki nzima."

"Pole. Lakini ule wimbo wa harusi ni mbaya."

"Mbaya kabisa," akasema. "Na tajiri wa miwani?"

"Huyo ni balaa."

"Ndiyo maana namtaka Kabula. Wengine wote waliniandikia kunisifu. Yeye ameniandikia kurasa tatu, mbili za kunichana. Lakini alisema ameitazama mara nne kwanza. Sasa, Mwalimu, ameniambia hapandi basi mpaka useme wewe. Sitaki kumwiba mtoto wa mtu. Nikampokee kesho, au nitafute mwingine?"

Nilikuwa na hotuba tayari, Kabula. Nilikuwa nimeipanga tangu Jumapili, ina utangulizi, ina masharti. Nikaitafuta mdomoni, haikuwepo.

"Kampokee," nikamwambia. "Anakuja."

Umeona kwamba popote humu sijaandika kuwa nimekuruhusu. Neno hilo nimeona linavyosikika. Ruhusa hukuihitaji, una miaka ishirini na mitatu na kichwa kizuri kuliko changu. Ulichokitaka ni baba yako asimame stendi kesho asubuhi bila kununa. Nitasimama, nimevaa shati la harusi ya shangazi yako, nitabeba lile begi zito mimi mwenyewe na nitalalamika kwa sauti ili watu wajue nina binti anayesafiri. Nenda, ng'wanone. Nenda, mwanangu.

Baba